Mchana wa Kumpumulia Redio

Sista Taratibu alifika kazini akiwa amekwisha kuchoka, na uchovu wa kufika nao kazini ni mbaya kuliko ule wa kuupata kazini, kwa kuwa huna wa kumlaumu. Mapacha wa binti yake walikuwa wameanza kuota meno, na usiku kucha walipokezana kilio kama walinzi wa zamu: huyu akinyamaza, yule anashika. Katika chumba cha pili shangazi yake, mzee wa kitandani, alikuwa akiuliza kila baada ya kitambo ni nani aliyefariki.

"Hakuna aliyefariki, shangazi. Ni meno."

"Meno ya nani?"

Basi ikawa hivyo mpaka kukakucha.

Jina la Taratibu alibandikwa na wenzake pale kituo cha afya, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni. Alimwambia anayechoma sindano, akamwambia anayefunga mlango, akamwambia na anayelia. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miguu iliyovimba ikifika saa za jioni, na kwa miezi kadhaa alikuwa anafanya kazi ya wauguzi wawili. Mwenzake alikuwa likizo ya uzazi. Aliyeahidiwa kuletwa badala yake alikuwa bado ni ahadi.

Chumba cha dharura kilikuwa cha mwisho kwenye nyumba ile ndefu ya bati, karibu na mlango wa nyuma. Kilikuwa na kitanda kimoja cha magurudumu, gurudumu moja likiwa halitaki kuzunguka, mtungi wa oksijeni ukutani, na kabati la kioo. Kila asubuhi kabla ya chai Sista alilifungua kabati lile. Alitoa mfuko wa kupumulishia wagonjwa, ambao watu wa kazi wanauita ambu, akauziba tundu kwa kiganja na kuubinya aone kama unavuja. Aliikanyaga mashine ya kufyonza mate, ile ya kuendeshwa kwa mguu, mpaka ikakoroma. Alivipitia viplastiki vilivyopinda vya kuzuia ulimi usirudi kooni, vya wakubwa na vya watoto, akavipanga tena kwa ukubwa wake. Siku hiyo alifanya yote hayo macho yakiwa nusu, kama mtu anayepiga mswaki.

Foleni ya nje ilikuwa imeanza kupungua Redio alipoingia.

Redio alikuwa fundi wa kuezeka. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Angekuwa juu ya paa la mtu, misumari kaishikilia kwa meno, na bado angesimulia habari za mtaa wote, na aliyesimama chini akaelewa kila neno. Alikuwa na ndevu nyingi nyeusi, ambazo alizichana na kuzipaka mafuta kila asubuhi. Mkewe alisema ndevu zile zilikula mafuta kuliko mlango wa bawaba mbovu.

Aliingia kwa miguu yake, mkono wa kulia kaukumbatia kifuani, kaka yake mkubwa akiwa upande mmoja na mkewe upande mwingine. Kaka mtu alikuwa muuza nyama mwenye mabega ya kubeba nusu ng'ombe, na mtaani walimwita Bucha. Mke alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mtu wa maneno machache. Mwenyewe alisema katika nyumba ile maneno yalikuwa yameshagawanywa, na fungu lake alipewa mumewe.

"Sista, nimekutana na mwenye mali," Redio alisema, akitaka kucheka. "Navuta mabati ya zamani nyuma ya nyumba ya mtu, kumbe chini yake mna mpangaji. Kaniuma hapa, kaondoka zake hata samahani hakusema."

Juu ya kidole cha shahada palikuwa na vitone viwili, na mkono haukuwa umevimba sana. Bucha alijipa moyo kwa hilo. Sista hakutazama mkono kwa muda mrefu. Alikuwa anatazama uso. Redio alikuwa ameinua kidevu juu kama anayechungulia chini ya pazia, na kope zake zilikuwa zimeshuka nusu.

"Hebu fungua macho," Sista alimwambia.

"Nimefungua."

"Fungua yote."

"Nimefungua yote, Sista."

Kope hazikupanda. Na ule ulimi uliozoeka kukimbia ukaanza kuburuta, neno moja likikanyaga jingine. Sista alimlaza, akamwita tabibu.

Tabibu alikuwa kijana mwenye miwani, mtulivu, ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai tangu ahamishiwe pale. Alimtazama Redio, akamwambia abane mkono wake, akamwambia ameze mate. Redio hakuweza kumeza vizuri. Tabibu alitoka nje na simu, na aliporudi alizungumza na wote watatu pamoja, kwa sauti ya chini.

"Nyoka huyu sumu yake inalegeza misuli. Inaanza na macho, inashuka kwenye koo, inafika kwenye misuli ya kupumulia. Dawa yake hapa hatuna, iko hospitali kubwa. Ambulensi yetu imepeleka mama mjamzito kule tangu alfajiri. Imeshageuza, inakuja na dawa na muuguzi wa dawa za usingizi mwenye vifaa vyake. Mpaka wafike, akishindwa kupumua, tutampumulia sisi."

"Nina rafiki ana lori," Bucha alisema. "Tumpakie sasa hivi."

"Barabara ile unaijua, kaka. Lori likiruka shimo, barakoa inamtoka usoni, na akikosa hewa huko porini hatutakuwa na mtungi wala mashine. Hapa tuna vifaa na tuna mikono. Nao wanakuja."

Bucha alitazama mlangoni; lori lile lilikuwa bado halijamtoka kichwani.

Walimlaza Redio kwa ubavu, maana udenda ulikuwa umeanza kumtoka na kumezwa haumezwi. Sista alikuwa anakanyaga mashine na kuuvuta kwa mpira, akiingiza ncha pale tu alipoweza kuiona, hachimbi. Redio hakuweza tena kusema. Aliguna mara mbili tatu, kisha akaacha. Mkewe alishikwa na hofu ya ukimya ule kuliko ya kitu kingine chochote.

"Kama unanisikia," Sista alimwambia, "chezesha kidole gumba cha mguu."

Kidole kilicheza.

"Basi tuko pamoja. Usihangaike. Sisi tupo."

Bucha aliviona viplastiki kwenye sinia. "Kile si ndicho cha kumfungua njia? Mbona hamjakitia?"

"Bado koo lake linakataa," tabibu alisema. "Nikimtia sasa atakabwa na kutapika, na matapishi yataingia mapafuni. Hiki ni cha mtu ambaye koo limelala kabisa."

Hawakungoja sana. Kifua kilianza kupanda kidogo kidogo, kisha kikawa kinapanda kama mtu aliyekumbuka jambo na kulisahau papo hapo. Ncha ya mpira ilipogusa nyuma ya ulimi, koo halikushtuka. Tabibu alichukua kiplastiki kimoja, akakipima nje ya shavu, kutoka pembeni ya mdomo hadi kwenye kona ya taya chini ya sikio. Kilikuwa kifupi. Kifupi kinausukuma ulimi nyuma, na kirefu kupita kiasi kinaziba kile kile ulichotaka kukifungua. Alichukua kilichofuata, kikalingana. Alikiingiza kikiwa kimetazama juu, kisha akakigeuza kikalala juu ya ulimi kama kiatu cha mtu anayejua namba yake.

Sista alisimama kichwani pa kitanda. Aliinua kidevu, akaweka barakoa juu ya pua na mdomo, na tabibu akabinya ambu. Hewa ikatoroka kando kwa mlio wa sss. Walijaribu tena. Sss.

"Ni ndevu," Sista alisema. "Barakoa haikai."

Alimtazama yule fundi cherehani. Mkewe akaelewa kabla hajaambiwa. Alitoa mkasi mdogo kwenye pochi yake, ule wa kukatia nyuzi.

"Atanigombeza mwaka mzima," alisema.

"Aje anigombeze mimi. Kata."

Alikata haraka, huku Sista na tabibu wakimpulizia kadiri ilivyowezekana kati ya mkato na mkato. Ndevu zikaanguka sakafuni mafungu mafungu. Zilizobaki kama mabua Sista alizipaka mafuta ya mgando, akarudisha barakoa. Safari hii ilikaa. Tabibu alibinya, na kifua cha Redio kikapanda.

Mchana wenyewe ulianzia hapo.

Nje palikuwa na watu wengine wenye shida zao. Mtoto mwenye homa kali aliletwa, na tabibu hakuwa na budi kwenda. Sista alishika barakoa kwa mikono miwili, vidole gumba juu ya plastiki, vingine vikinyanyua mfupa wa taya na kuuvuta kuelekea kwake. Hakugusa nyama laini ya chini ya kidevu, kwa kuwa ukiibonyeza unaiziba njia ya hewa kwa mkono wako mwenyewe. Bucha alipewa ambu.

"Taratibu, kaka. Tazama kifua. Kikipanda, achia. Halafu wewe mwenyewe vuta pumzi, toa, ndipo ubinye tena."

Bucha alikuwa na mikono ya kutenganisha paja na nyonga. Alibinya mfuko ule kama anayekamua nguo nzito.

"Taratibu. Si blanketi hilo."

Alijirekebisha, wakaenda vizuri kwa kitambo. Lakini hofu ni mwalimu mbaya. Kila alipomtazama mdogo wake vile alivyolala, uso mweupe wa kunyolewa, mgeni, mkono wake uliongeza kasi wenyewe. Sista alisema taratibu, akasema tena, na kwa uchovu aliokuwa nao hakuona upesi kwamba tumbo la Redio limeanza kutuna. Hewa iliyosukumwa kwa nguvu ilikuwa imekwenda kusiko. Alipoliona, ndani ya barakoa kulikuwa kumeshaanza kupanda chai ya asubuhi.

"Mgeuze. Mwili wote pamoja na kichwa. Sasa."

Walimgeuza. Sista aling'oa kiplastiki, mguu ukakanyaga mashine, akavuta, akafuta kwa kitambaa, akavuta tena. Hakukuwa na muda wa kumlaumu mtu. Alipoona mdomo umesafika walimrudisha chali, akakiosha kiplastiki na kukirudisha, barakoa juu, binya. Kifua kilipanda. Kwa ndani palisikika kikwaruzo ambacho hakikuwepo mwanzoni. Sista alikisikia, akakimeza.

Bucha alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Nimemuua," alisema.

"Hujamuua. Umebinya kwa nguvu, na mimi nilipaswa kuliona tumbo mapema." Sista alisema hivyo bila kumtazama. "Shemeji yako ashike."

Fundi cherehani alishika. Mtu aliyekaa miaka na cherehani ya kukanyaga ana mwendo ndani yake, na ule mwendo ulihama kutoka miguuni ukaingia mikononi. Alibinya kwa mkono mmoja, akatazama kifua, akaachia, akavuta pumzi yake, akabinya. Sista hakuhitaji kusema neno lake tena. Wakawa wawili juu ya mtu mmoja, mmoja akishika na mwingine akibinya, na jua likavuka dirisha na kuanza kushuka upande wa pili.

"Ongea naye," Sista alimwambia.

"Niseme nini? Katika nyumba yetu mimi husikiliza."

"Sema lolote."

Mwanamke yule alifikiri. Kisha akaanza kumsomea mumewe mashtaka, taratibu, kwa mwendo ule ule wa ambu. Kwamba aliahidi kuziba paa lao wenyewe tangu masika ya juzi. Kwamba fundi wa kuezeka watu analala na ndoo pembeni ya kitanda. Kwamba anakoroma. Kwamba jirani alimuuliza kama nyumbani kwao kuna mkutano kila jioni. Sista, pamoja na yote, alijikuta anatabasamu.

Bucha alikuwa ametoka nje; aliporudi ndani alikuwa na tochi ya simu. Alifunua kope za mdogo wake na kumulika. Jicho halikusogea. Akamshika mguu.

"Cheza kidole," alisema. "Nisikie, mdogo wangu. Cheza kidole."

Kidole hakikucheza. Alingoja, akakitikisa mwenyewe kwa mkono, akakiachia. Kisha akalisema lile alilokuwa nalo kifuani.

"Sista, huyu ameshakwenda. Tunampuliza maiti. Tumwache apumzike, na nyinyi mpumzike."

Mke wa Redio aliachia mfuko.

"Binya," Sista alimwambia. Alibinya.

Tabibu aliitwa. Aliweka vidole shingoni mwa Redio, kisha akauchukua mkono wa Bucha na kuweka vidole vyake pale pale. "Unasikia? Moyo unapiga. Maiti haina moyo wa namna hii. Sumu imefunga misuli yote, hata ya macho, hata ya kidole. Masikio haijafunga. Kila unachosema hapa anakisikia, kaka."

Bucha aliondoa mkono wake kama aliyeunguzwa. Alimtazama mdogo wake. Alitoka nje akaketi kwenye ngazi, na dirishani wakamsikia akiwapigia ndugu simu, akiwaambia waanze safari kabisa, ya Mungu hayajulikani. Sista alikuwa na haki ya kukasirika. Ila hasira nayo inataka nguvu.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Ambulensi ilipigiwa simu, ikasema iko njiani. Ilipigiwa tena, ikasema daraja lina foleni. Mabega ya Sista yalikuwa yamekufa ganzi na vidole vyake vya mwisho, vile vinavyonyanyua taya, vilianza kujikunja vyenyewe. Mara mbili walibadilishana nafasi na yule mwanamke, mara mbili barakoa ikavuja, wakarudi kama walivyokuwa. Tabibu aliingia akashika kwa kitambo, akaitwa, akatoka. Bucha alirudi mara moja, akaomba ajaribu tena, akabinya vizuri kabisa mpaka machozi yakamzuia kukiona kifua.

Kisha ikafika dakika ambayo mke alikuwa hajiwezi, alihitaji kutoka nje, na tabibu alikuwa anashona kichwa cha mtu chumba cha tatu, na Bucha alikuwa hayupo kwenye ngazi. Sista akabaki peke yake. Mkono wa kushoto alishika barakoa, vidole viwili juu, vitatu kwenye taya; wa kulia akabinya. Si namna nzuri kwa mkono uliochoka, lakini ndiyo iliyokuwepo.

Chumba kilikuwa kimya. Kulikuwa na ambu tu, na oksijeni ikipuliza polepole. Sista alisikia kichwa chake kinainama, akakiinua. Kikainama tena.

"Redio," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mto wa kulalia. "Nikwambie kweli? Nimechoka. Sijalala, na jana yake sikulala. Nimechoka mpaka kuna dakika hapa nimetamani liishe tu. Ambulensi ije, au wewe uende, kwangu ikawa mamoja, mradi nikae chini. Mungu anisamehe. Na wewe unisamehe."

Alibinya. Kifua kikapanda.

"Haya," alisema. "Nyingine."

Akabinya.

Mke alirudi, akashika mfuko bila kuuliza kitu. Kivuli cha mlango kilikuwa kimefika ukutani ambulensi ilipoingia uani. Muuguzi wa usingizi alishuka na begi lake, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Alimsikiliza tabibu, akasikiliza mapafu, akaonyesha kwa kidole upande wenye kikwaruzo, na Sista akamweleza juu ya chai iliyopanda, bila kuficha wala kupamba. Dawa ikaanza kuingia mshipani. Mpira wa kooni ukawekwa, ukaunganishwa, na barakoa ikaondolewa usoni pa Redio isirudi tena. Ilikuwa imeacha alama ya duara.

"Mmemshika vizuri," yule mgeni alisema. Akawaambia wampakie.

Walipoondoka, Sista aliketi kwenye kiti cha mapokezi. Mikono yake ilibaki imekunjwa vile vile, kama bado imeshika taya la mtu. Mfagiaji alimletea chupa ya maji, Sista akashindwa kuifungua, mfagiaji akamfungulia. Kisha alikwenda nyumbani, ambako jino la pili la pacha wa kwanza lilikuwa limeanza kuchungulia.

Habari zilikuja kidogo kidogo. Kwamba yuko kwenye mashine. Kwamba kidole gumba cha mguu kimecheza. Kwamba pafu moja limeshika homa, kwa sababu ya ile chai, na anatibiwa. Kwamba amefungua jicho. Sista alikuwa akizipokea huku anafunga vidonda na kupima mapigo ya moyo, akiitikia "alhamdulillahi" kwa anayesema hivyo na "Mungu mkubwa" kwa anayesema vile. Kwa muda mrefu alijiuliza juu ya kikwaruzo kile, na juu ya tumbo ambalo hakuliona kwa wakati. Alimwomba tabibu wapange siku ya kuwazoeza watu wote wa kituo, mfagiaji na mlinzi pia, namna ya kushika taya na kubinya kwa upole. Walitumia mto na chupa, wakacheka sana, na mlinzi akaonekana kuwa na mkono mzuri kuliko wote.

Redio alirudi amekonda, sauti imekwaruzwa na mpira, ndevu zimeota kama majani ya kiangazi. Sauti ilikuwa ndogo lakini kazi yake ilikuwa ile ile. Alisimulia sokoni, akasimulia kwa kinyozi ambako hakuwa na la kunyoa, akasimulia mbele ya bucha la kaka yake wateja wakiwa foleni. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliyasema mashtaka ya mkewe moja baada ya jingine, kwa sauti yake mkewe, na watu wakashika mbavu. Alipofika kwenye maneno ya kaka yake, kwamba tunampuliza maiti, wateja nao walicheka. Bucha hakucheka. Aliweka kisu mezani, akaingia nyuma.

Jioni ile ile Redio alimfuata kwake. Waliyozungumza hayakujulikana, ila tangu siku hiyo sehemu ile ya hadithi haikusikika tena, na paa la Redio likazibwa, Bucha akiwa ndiye anayempa mabati kutoka chini.

Kituoni Redio alikuja siku yenye wagonjwa wachache. Alimsalimia tabibu, akamsimulia mfagiaji, akamwonyesha mlinzi mkono. Kisha akamkuta Sista chumba cha mwisho, anakunja vitambaa. Aliketi kwenye kitanda kile kile chenye gurudumu bovu, na kwa kitambo hakusema kitu.

"Unaumwa?" Sista aliuliza.

"Hapana. Kuna jambo sijalitangaza."

"Wewe?"

"Mimi." Alitazama viganja vyake. "Nilikusikia, Sista. Ulipobaki peke yako."

Sista aliweka kitambaa chini. Uso ulimwaka moto. Alitafuta la kusema, na alilolipata lilikuwa lile lile alilolisema siku ile.

"Unisamehe."

"Ulishaomba, na mimi nilikuwa nalia ndani kwa ndani kwa kukosa ulimi wa kukujibu. Ningekuwa nao ningekwambia kaa chini, Sista, kaa." Alikohoa kidogo. "Maana na mimi nilikuwa nimechoka. Hamjui. Pumzi ikishatoka, mtu unabaki gizani, unangoja nyingine, na si wewe wa kuivuta. Unamngoja mtu. Atabinya, hatabinya. Inakuja. Inatoka. Unaanza kungoja upya. Ile inachosha kuliko kupanda paa. Kuna dakika na mimi nilisema basi, isije."

"Halafu?"

"Halafu ikaja. Nikasema haya, maadam imekuja."

Sista alikichukua tena kitambaa. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi.

"Umemwambia nani mwingine?" Sista aliuliza.

"Hata mke wangu hajui. Na simwambii."

Alimwamini, na hilo lenyewe lilimshangaza. Redio alisimama, akajipapasa kidevu, akaanza kulalamika kwamba upande wa kushoto ndevu zimeota za mvi, jambo ambalo halikuwepo kabla hajanyolewa na watu wasio na leseni. Alitoka analisema hilo hilo ukumbini, na kwa mbali Sista alimsikia akilieleza kwa mtu mwingine, likiwa limeshakuwa refu zaidi.

Sista alimaliza vitambaa. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye benchi la ukutani lililokuwa na jua, akasema atakaa dakika moja, kisha aende kufunga kidonda cha mama mmoja aliyekuwa anangoja. Kichwa kilienda nyuma kikagusa ukuta. Tabibu alipokuja kumwita alimkuta mdomo wazi, anakoroma kwa utulivu, mikono imelegea mapajani. Alisimama akamsikiliza kidogo, kwa mazoea ya kazi, kama pumzi inapita vizuri. Ilikuwa inapita. Alirudi ndani, akanawa mikono, akamwambia yule mama ainue mguu.